Motokaa ya Bibi Harusi

Jua lilikuwa limekwisha panda juu ya minazi ya Ushongo na motokaa haijafika. Bi Mboni alitoka tena hadi barabarani, akaweka kiganja juu ya macho na kutazama upande wa kivukoni. Alimwona punda wa Marhun mwenye duka, amesimama katikati ya njia kama aliyetumwa kuifunga. Vumbi hakuna, mlio hakuna. Akarudi.

"Utajichosha bure, wifi yangu," Sabiha alimwambia kutoka barazani. "Gari haliji upesi kwa kuchunguliwa. La kwetu mwaka jana lilikuja hata chai hatujamaliza kunywa."

Sabiha alikuwa dada wa mumewe, na tena ndiye somo wa bibi harusi, aliyemfunda na ambaye angemsindikiza mpaka kwa mume. Kwa hiyo Bi Mboni hakuweza kumjibu kama alivyotaka. Alipita, akaingia ndani.

Mastura alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda tangu asubuhi, mikono yake yenye hina imelazwa mapajani kama vitu vya kuazima. Shingoni alivikwa vikuba vya asmini, na asmini zilikuwa zimeanza kugeuka rangi. Jasho lilimtiririka chini ya shiraa iliyomfunika gubigubi.

"Mama, niivue kidogo?"

"Uivue watu wakuone? Kaa. Inakuja."

Ilikuwa mwaka 1955, mvua za vuli zimekwisha anza. Mastura alikuwa ameozwa Ijumaa iliyopita, na mumewe, Miraji, kijana wa Tanga mjini anayefanya kazi katika ghala la katani, alikuwa ametangulia kwao Ngamiani kuandaa mapokezi. Watu walialikwa huko baada ya alasiri. Katika mashauri ya posa Bi Mboni hakuwa na ukaidi wa mahari wala wa mavazi. Neno lake lilikuwa moja, na alilirudia mbele ya washenga mpaka wakatazamana: mwanawe hatatoka kwake kwa miguu, wala kwa basi, wala kwa lori. Atatoka kwa motokaa. Binti wa Sabiha alitoka kwa motokaa kwenda Korogwe, na tangu siku ile hapakuwa na shughuli Ushongo ambayo motokaa ile haikutajwa.

Mumewe, Uweso, alichungulia mlangoni. Alikuwa mchoma chokaa, mtu mrefu aliyeinama, na chokaa ilikuwa imemla kucha hata siku ya harusi ya bintiye hazikutakata.

"Mama Mastura, lori la Marhun linaondoka sasa hivi kupeleka mbata za nazi kivukoni. Tukipanda hilo, tukavuka kwa mtumbwi, basi la Tanga tunaliwahi ng'ambo."

"Lori la mbata!"

"Dereva amesema atatandika gunia safi."

"Mwanangu anuke mbata mbele ya mama mkwe wake? Wewe Uweso, una akili? Sabiha asikie hayo?"

"Nimekwisha sikia," Sabiha alisema huko nje.

Lori la Marhun lilipita, likapiga honi mara mbili kwa heshima ya bibi harusi, likatokomea. Uweso alilitazama mpaka lilipopotea katika minazi.

Motokaa ilifika adhuhuri imekwisha adhiniwa. Ilikuwa nyeusi, ya zamani, mlango wake mmoja wa nyuma umefungwa kwa kamba, na matope yameipanda hadi vioo. Dereva alishuka na shati limemganda mgongoni. Alikuwa Mbondei wa Muheza, jina lake Kristofa.

"Mnisamehe, wazee wangu. Nimefika kivukoni alfajiri. Nimezikuta lori za shamba la mkonge. Zile hazipangi foleni. Zikija, sisi wengine turudi nyuma."

Lakini Bi Mboni hakuwa akisikiliza tena. Watoto walikuwa wamekwisha izunguka motokaa, wanawake wanatoka majumbani, na kigelegele cha kwanza kilipopasuka alihisi kifua chake kinafunguka. Alikwenda yeye mwenyewe kufunga ua la karatasi mbele, akaipapasa motokaa kama mtu apapasavyo ng'ombe wake. Godoro na sanduku vilifungwa juu. Uweso aliketishwa mbele na mikate ya kumimina mapajani. Wanawake watatu, Mastura katikati, walibanana nyuma. Waliondoka kwa shangwe, na Bi Mboni alipunga mkono dirishani mpaka nyumba ya mwisho.

* * *

Kivukoni Bweni pantoni lilikuwa ng'ambo. Upande huu palikuwa na lori mbili za mkonge, gari la vifaa vya serikali, na nyuma yake wao. Kristofa alizima injini.

"Tutangoja," alisema.

Walingoja. Bati la motokaa lilipata moto. Watu waliokuwa wakingoja mitumbwi walisogea kumtazama bibi harusi, na mwanzoni Bi Mboni alifurahi, akawa anajibu hongera zao kwa sauti. Baadaye pantoni lilikuja, likachukua lori mbili, likaondoka. Lilirudi. Gari la serikali likasogea, na nafasi nyuma yake ikabaki wazi, ya kuwatosha. Kristofa aliwasha injini. Hapo hapo motokaa ndefu ya Bwana Khalifa, mwenye mashamba ya minazi, ikaja kwa kasi pembeni, ikawapita, ikaingia kwenye pantoni bila hata kuulizwa.

"Huyo naye?" Bi Mboni aliuliza.

"Huyo naye," alisema Kristofa, akazima.

Sasa wale watazamaji walikuwa hawasemi hongera tena. Mwanamke mmoja mwenye kapu la samaki alimwambia mwenzake, si kwa siri, "Maskini, bibi harusi atakaukia humo." Wakacheka. Mashua na mitumbwi ilikuwa inavusha watu bila kukoma, na ng'ambo, chini ya kilima cha mji wa Pangani, basi lilionekana limesimama, watu wanapanda.

"Mama," Mastura alisema kwa sauti ndogo, "tuvuke kwa mtumbwi. Basi lile pale."

"Ufike kwa mumeo umelowa miguu kama pweza? Tumekwisha fika hapa, hatutoki garini."

Uweso alifungua mlango. Alimpa Kristofa ile mikate amshikie, akajikung'uta kanzu, akashuka hadi ukingoni alikosimama msimamizi wa pantoni, kijana wa kofia ya khaki, umri wa mtoto wake. Kutoka garini walimwona Uweso akitoa kofia yake kichwani. Upepo ulikuwa unatoka mtoni, na ukawaletea sauti yake.

"Shikamoo, bwana."

Kijana hakugeuka. "Marahaba," aliitikia.

Mastura aliinua shiraa, akatazama. Baba yake alikuwa ameamkiwa shikamoo miaka yote na watu wa umri ule. Alikuwa anasema jambo sasa, anaonyesha gari kwa mkono, na yule kijana anatikisa kichwa huku akihesabu magunia ya mtu mwingine. Uweso alisimama kidogo zaidi, kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Kisha akavaa kofia, akarudi.

"Amesema nini?" Bi Mboni alimwuliza.

"Amesema tungoje."

Ng'ambo, basi lilipiga honi ndefu na kuondoka.

* * *

Walipovuka alasiri ilikuwa inapita. Kristofa aliendesha kwa haraka ya mtu aliyechelewa, na barabara haikutaka haraka. Mashamba ya mkonge yalipita pande zote mbili, mistari iliyonyooka isiyokwisha, na kila baada ya mwendo kidogo barabara ilizama katika bonde lenye maji ya mvua ya usiku. Mabonde ya kwanza waliyavuka. Uweso aliishikilia mikate. Sabiha alianza kuhadithia jinsi gari la Korogwe lilivyokuwa na viti vya ngozi, akaacha katikati, kwa sababu motokaa iliruka na kichwa chake kikapiga bati.

Katika bonde ambalo udongo wake mwekundu hugeuka mweusi, magurudumu ya nyuma yalizama. Kristofa alikanyaga mafuta. Gari likalia, likazama zaidi.

"Itabidi tushuke tusukume," alisema.

"Bibi harusi hashuki," alisema Bi Mboni.

"Basi yeye akae, mama. Wengine mshuke."

Alishuka Uweso kwanza, amepandisha kanzu na kuifunga kiunoni. Akashuka Sabiha, akashuka Bi Mboni viatu mkononi. Walisukuma. Tope jeusi liliruka likawapiga vifuani. Walipumzika, wakakata matawi wakayaweka chini ya magurudumu, wakasukuma tena. Mara ya tatu mguu wa Uweso uliteleza, akaanguka kwa goti juu ya jiwe lililofichwa na maji, akabaki amepiga magoti pale, mkono mmoja bado uko kwenye gari.

"Pole, mzee," alisema Kristofa, akamwinua. Alikuwa amechoka na hasira zilikuwa karibu. "Jitahidi kidogo. Tusimtie aibu kijana. Ameuza baiskeli yake kwa ajili ya gari hili."

"Ameuza nini?"

"Baiskeli. Ile ya kwendea kazini. Mimi ni jirani yake, nilimpunguzia kadiri nilivyoweza, lakini gari si langu, lina mwenyewe."

Uweso alipangusa tope usoni, likaenea zaidi. "Na kazini anakwendaje?"

"Kwa miguu. Ghala liko nje kabisa ya mji. Adhana ya alfajiri humkuta njiani."

Bi Mboni alisikia. Alijifanya anatafuta kiatu chake. Kamba ya mlango wa nyuma ilianza kutikisika. Mtu alikuwa anaifungua kwa ndani. Mlango ukafunguka, na Mastura akaweka mguu chini, mguu wenye hina mpaka kwenye kifundo, ukazama katika tope na kutoweka.

"Mastura! Rudi ndani! Mastura, wewe una wazimu?"

Mastura alivua shiraa, akaikunja, akaitupa kitini. Alizunguka nyuma ya gari, akamshika baba yake bega na kumsogeza pembeni kwa upole, akasimama mahali pake. "Endesha," alimwambia Kristofa. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kusema kwa sauti yake ya kawaida.

Wanawake watatu walisukuma. Gari lilipanda, likarudi, likapanda tena kwa kishindo na kutoka bondeni, na kwa muda mfupi Sabiha alipiga kigelegele. Kisha harufu ya kuungua ikatanda. Injini ilinguruma lakini magurudumu hayakwenda popote. Kristofa aliinama chini ya gari, akakaa huko kwa muda, akatoka.

"Klachi imeungua," alisema. "Hapa ndipo mwisho wake."

* * *

Jua lilikuwa linaelekea kuzama lori la nazi kutoka Pangani lilipowafikia. Dereva wake, mtu mnene mwenye huruma, alisimama bila kusimamishwa. Alimtazama bibi harusi, akaitazama motokaa na ua lake la karatasi, akaficha tabasamu.

"Nafasi ya mbele ni ya mtu mmoja tu. Bibi harusi apande mbele, wengine juu ya nazi."

"Baba akae mbele," alisema Mastura. "Goti lake limevimba."

"Mwanangu, leo ni siku yako," alisema Uweso.

"Baba, panda."

Kristofa alibaki na gari, ameketi kwenye tope kavu kando ya njia. Alifungua lile ua la karatasi na kumpa Bi Mboni, na Bi Mboni alilipokea, akawa hajui pa kuliweka.

Juu ya nazi hapakaliki. Zinateleza, zinabingirika, zinamwuma mtu kila mahali. Godoro la harusi lilitandazwa juu yake lakini halikusaidia. Mastura aliketi amekumbatia sanduku lake, shiraa imemrudia kichwani, tope linamkaukia miguuni. Bi Mboni alimgeukia wifi yake kwa hasira ambayo haikuwa na mwenyewe.

"Haya, cheka sasa. Ukirudi utakuwa na la kusimulia. La kwako lilikuwa na viti vya ngozi, lilifika mpaka mlangoni."

Lori lilikuwa linapanda kilima na ilibidi Sabiha apaze sauti.

"Halikufika."

"Halikufika wapi?"

"Korogwe. Lilitushusha Muheza, likawa halitaki kuwaka. Tulipanda lori la mbao, na lori likatuacha njia panda. Mwisho tulimalizia kwa kitoroli cha mkonge, kile kinachosukumwa relini. Vibarua walitusukuma wakiimba. Mwanangu alilia njia nzima."

Bi Mboni alimkazia macho. "Uliniambia mpaka mlangoni. Uliwaambia watu wote."

"Ulitaka niseme nini? Kwamba nimemtoa mwanangu Ushongo kwa vigelegele, nikamfikisha kwa wakwe kama mzigo wa mkonge?"

"Mimi nimemkaba kijana wa watu kwa ajili ya neno lako!"

"Sikukutuma umkabe."

Mastura aliwatazama wote wawili, mama yake na somo yake, wameshikilia nazi ili wasianguke. Aligeuza uso akatazama mkonge.

* * *

Waliingia Tanga magharibi imekwisha saliwa. Mtaa wa Ngamiani alikokaa Miraji ulikuwa umewashwa karabai, mikeka imetandikwa nje, na wanawake wa upande wa bwana harusi walikuwa wamevaa kanga sare na kusimama mistari miwili kutoka barabarani mpaka mlangoni. Lori lilisimama mbele yao na kupiga honi. Hakuna aliyesogea. Kisha mwanamke mmoja mwenye sauti kubwa, shangazi yake Miraji, alijitenga na mstari na kuja mbio huku akipunga mkono.

"Wewe dereva! Hebu ondoa lori lako hapo! Twangoja motokaa ya bibi harusi!"

Dereva alitoa kichwa dirishani, akatazama juu, kule nyuma, akingoja mtu aseme. Uweso hakuweza kufungua mlango upesi kwa sababu ya goti. Sabiha aliangalia mikono yake. Bibi harusi hasemi siku hiyo; kila mtu aliyekuwa juu ya nazi alilijua hilo.

"Humsikii?" shangazi alipiga bati la lori kwa kiganja. "Motokaa itapita wapi?"

Bi Mboni alisimama. Nazi zilibingirika chini ya miguu yake, akashika ubavu wa lori. Mwanga wa karabai ulimpiga usoni, ukayaonyesha matope yote, na lile ua la karatasi lilikuwa bado liko mkononi mwake.

"Bibi harusi ndiye huyu," alisema.

Mtu alicheka mahali fulani, akakatisha. Ndipo mama yake Miraji alipotoka mlangoni, mwanamke mdogo wa umbo, miguu mitupu, akapita katikati ya watu, akanyoosha mikono yake juu kuelekea lori.

"Shuka, mwanangu," alisema. "Leteni kitu akanyage."

Wakaleta kinu, wakakipindua, na Mastura akashuka kwa kukikanyaga. Mama mkwe alipiga kigelegele chembamba peke yake, na baada ya kitambo wengine wakamfuata. Miraji alikuwa amesimama kizingitini amevaa joho la kuazima. Aliona miguu ya mkewe, akashuka ngazi na kwenda kumsaidia mzee Uweso atoke kwenye lori.

Pilau lilikuwa limepoa. Bi Mboni alioga, akapewa kanga safi, akaketishwa chumba cha wageni, na kupitia dirisha alisikia wanawake uani wamekwisha tunga wimbo: tuliagiza motokaa, tumeletewa nazi. Waliuimba kwa makofi, si kwa ubaya sana, kama watu waliongoja kutwa nzima na lazima wapate chao. Alisikia sauti ya Sabiha katikati yao ikiitikia. Hakujua kama wifi yake alikuwa anamcheka au anajicheka.

* * *

Miraji alipewa ruhusa ya siku moja tu kazini. Asubuhi ya pili yake Bi Mboni alitoka kuchukua udhu akamkuta uani, anafunga katambuga zake, chakula chake kimefungwa katika kitambaa. Bado kulikuwa na giza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Alisimama na birika mkononi. "Nimesikia habari ya baiskeli."

Miraji alikaza ukanda wa katambuga. "Ni kitu tu, mama. Kitapatikana kingine."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ulitaka motokaa. Nikaitafuta." Alisema bila uchungu, kama mtu anayeeleza njia. Kisha akaona uso wa mama mkwe wake na kulegeza sauti. "Si mbali, mama. Nimekwisha zoea."

Aliaga akaondoka. Bi Mboni alisikiliza hatua zake mpaka mwisho wa mtaa.

Jioni alimwona Mastura akichemsha maji na kutia chumvi, akayapeleka chumbani katika beseni, akamwona akitoka na tambara lenye alama za damu ya malengelenge. Mama alimfuata jikoni. Alivua bangili zake mbili za dhahabu, zile alizovikwa na mama yake, akamwekea karibu na jiwe la kusagia.

"Mpe mumeo. Asiniambie kitu, anunue baiskeli."

Mastura alizitazama bila kuzigusa. "Zivae, mama."

"Nakupa kwa moyo wangu."

"Najua. Lakini utarudi Ushongo mikono mitupu, wataona. Watauliza. Utawaambia nini?"

Bi Mboni alisubiri mwanawe aongeze neno, la kumlaumu au la kumsamehe, lakini Mastura aligeukia moto na kuanza kuupuliza. Mwishowe Bi Mboni alizivaa tena bangili, moja baada ya nyingine, na alijiona mwizi.

Siku ya kurudi walipanda basi, yeye, Uweso na Sabiha, katikati ya kuku na vikapu, wakavuka mto kwa mtumbwi, wakapata lori la Marhun kivukoni. Dereva aliwatandikia gunia. Walifika Ushongo mapema kuliko walivyofikiri.

Kabla hawajatua mizigo baraza lilikuwa limejaa wanawake. Walitaka kusikia yote: nyumba ikoje, mama mkwe yukoje, watu walikuwa wangapi. Sabiha aliketi katikati yao akavua viatu.

"Na motokaa?" aliuliza Bi Mwantumu, jirani wa upande wa kisimani, mjane aliyeishi kwa kusuka makuti. Binti yake alikuwa amechumbiwa na kijana wa Mkwaja, na washenga walikuwa wanatarajiwa wiki ile. "Iliwafikisha salama?"

"Mpaka mlangoni," alisema Sabiha. Neno lilimtoka upesi, kama limeandaliwa mdomoni. Hakumtazama wifi yake. Alikuwa anamsitiri aibu, na Bi Mboni alilielewa hilo.

Wanawake waliguna kwa kuridhika. Bi Mwantumu aliitikia kwa kichwa, macho yake yakaenda mbali. "Basi na mimi nimekwisha waambia. Hawanitolei mwanangu bila motokaa. Kwa nini harusi yangu iwe ndogo?"

"Haikufika," alisema Bi Mboni.

Kelele zilipungua.

"Haikufika. Ilikwama njiani, klachi ikaungua. Tulisukuma, na bibi harusi akasukuma pia. Tumeingia Tanga juu ya lori la nazi, na wanawake wa kule wametutungia wimbo. Mkwe wangu ameuza baiskeli yake ili nipate motokaa ile, na sasa anakwenda kazini kwa miguu mpaka inatoka damu. Mwantumu, kijana wa Mkwaja si tajiri. Usimfanyie hivyo. Mwache mwanao aende kwa chochote kitakachopatikana."

Alisema haraka, asije akajizuia. Uweso, aliyekuwa anashusha mzigo, alisimama na mzigo mkononi akamtazama mkewe kama aliyemwona mtu mgeni.

Bi Mwantumu alimkagua Bi Mboni polepole, uso, kanga mpya ya Tanga, bangili mbili mikononi. Kisha akatabasamu tabasamu la pembeni, akainuka, akaifunga kanga yake vizuri kiunoni.

"Nimekusikia, Mboni. Wa Sabiha amepanda, wa kwako amepanda. Imefika zamu ya wangu, ndipo matope yamejaa njiani." Wanawake wawili watatu walicheka chini chini. "Mtoto wa mjane msuka makuti apande punda, sivyo?"

"Wallahi nakuambia kweli. Mwulize Sabiha."

"Sabiha nimekwisha mwuliza." Bi Mwantumu alimgeukia hata hivyo. "Sabiha, yule dereva anaitwa nani, nipate kuwatajia washenga?"

Sabiha alikuwa ameshika viatu vyake mkononi. Alimtazama wifi yake, akatazama zile nyuso zilizokuwa zinangoja barazani, nyuso zilezile ambazo mwaka mzima alikuwa amezihadithia viti vya ngozi.

"Kristofa," alisema mwishowe. "Anakaa Ngamiani."